Salamu ya Kwanza Haiingii Kwenye Faili

Tangu nistaafu simu yangu haipoi. Vijana wa ofisini wananipigia, wananiuliza habari za kupumzika, nami nawajibu nzuri, namshukuru Mungu. Baada ya hapo wananiuliza faili fulani liko wapi. Nawaelekeza kabati, nawaelekeza droo, tunaagana. Mwishowe mmoja wao, mwenye adabu kuliko wenzake, akaniomba niandike ninayoyakumbuka ya kazini, ili wasiendelee kunisumbua. Basi nimeandika, kwa ajili yenu mliobaki pale mnaopokea watu walioumia kazini na kutafuta fidia. Habari za vyeo sitazigusa, maana niliingia karani na nikatoka karani, tofauti ni kwamba mwishoni mlianza kuniita msaidizi wa kisheria. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka kabla yangu.

Ofisi niliyoikuta mimi haikuwa hii yenu yenye kiyoyozi. Ilikuwa na chumba cha mbele na chumba cha nyuma, Temeke, kwenye barabara iendayo Keko, katikati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye ofisi alikuwa Wakili Shabbir. Alizaliwa hapa hapa Dar, kwenye familia ya Kihindi ya Kishia iliyouza vitambaa, na ndugu zake hawakuelewa kwa nini mtu asome sheria miaka yote ile halafu aje kukaa jirani na vipuri. Yeye alisema watu wanaumia huku, kwa hiyo akifungua ofisi mjini atakuwa anawalipisha nauli. Siku ya Ashura alivaa nyeusi na ofisi ikafungwa. Siku nyingine zote alivaa shati jeupe la mikono mifupi, lenye doa la wino mahali pale pale, mpaka nikawa na hakika kuwa anayo mengi ya aina hiyo.

Siku yangu ya kwanza alinikabidhi muhuri, mashine ya kubania karatasi iliyobana ilipojisikia, chupa ya chai na benchi la wateja. Muhuri nikauelewa mara moja. Benchi lilinichukua muda zaidi.

Mteja wa kwanza kuingia alikuwa mlinzi wa nyumba moja kubwa Kawe. Nikamkaribisha akae. Akashukuru, akasema atasimama tu, kazoea. Nikamwuliza habari, akasema salama. Nikamwuliza shida yake, akasema ni ndogo, wala hakupenda kumsumbua wakili. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni: mteja ni mzima, ana shida ndogo, hapendi kukaa. Nikapeleka ndani.

Wakili akasoma, akatoka, akamtazama yule bwana kidogo, kisha akaniambia nimimine chai. Wakanywa wote wawili wakiwa wamesimama, wakizungumzia mvua na bei ya mafuta ya taa. Chai ilipokwisha Wakili akaweka kikombe chini.

"Haya bwana," akasema. "Salamu imekwisha. Sasa tuanze. Habari?"

Mlinzi akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama sakafu. "Mbwa wa bosi kaniuma, mzee," akasema. "Huku nyuma."

Hakuwa amekaa tangu siku ile. Bosi wake alipoitwa alieleza kwa kirefu kwamba kosa lote lilikuwa la mbwa. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mbwa huyo ana mali yoyote ya kulipia. Walimalizana juma lile lile.

Mlinzi alipoondoka, Wakili akanirudishia karatasi yangu. Hakuwa amekasirika. "Hapa umeandika salamu ya kwanza," akaniambia. "Salamu ya kwanza ni ya Mungu na majirani, Anna. Haiingii kwenye faili. Sie tunangoja ya pili."

Nimeyaandika haya mapema kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, mengine yote mtayakuta kwenye sheria. Mtu wa kwetu ukimwuliza habari atakujibu nzuri. Nimemsikia mtu akijibu nzuri akiwa juu ya machela. Nimemsikia mama mmoja akisema nzuri, akatulia, akasema ila mume wangu kaanguka kutoka ghorofani. Hawasemi uongo. Wamelelewa vizuri, na malezi mazuri hayana nafasi kwenye fomu za fidia. Kwa hiyo kuna chai, na kuna benchi, na kuna kungoja, na yule kati yenu aliyependekeza benchi liondolewe ili pawekwe mashine ya kutoa namba za foleni namwomba alifikirie tena jambo hilo.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kwamba ajali isiporipotiwa mapema, mashahidi wote husema siku ile walikuwa wamekwenda chooni. Nilijifunza kwamba kibarua hana mwajiri mpaka atakapokosea kazi. Nilitumwa sokoni Mabibo kutafuta mashahidi wa mpagazi aliyeangukiwa na magunia, nikarudi na nyanya, maana kila niliyemwuliza aliniuzia kitu kwanza na kukumbuka baadaye. Kisha ukaja utaratibu wa mfuko, ambapo waajiri wanachangia, na mtu akiumia mfuko ndio unaolipa. Tukaacha kukimbizana na matajiri kwenye mageti yao, na kwa upande huo miguu yangu ilishukuru. Lakini sasa mambo mengi yalisimama juu ya tathmini ya daktari. Daktari anakuona, anaandika ulemavu wako ni mkubwa kiasi gani. Ulemavu ukiwa mdogo unalipwa mara moja, basi. Ukiwa mkubwa unalipwa kila mwezi, na unaweza kuishi. Tofauti kati ya hayo mawili inaweza kuamuliwa kwenye chumba kidogo, wakati wa kusalimiana.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Yohana.

Alikuwa seremala wa Keko, mtu wa Njombe, mzee wa kanisa, mchongaji wa vichwa vya vitanda. Mnavyopita pale mnaviona vitanda vimepangwa kando ya barabara vikila vumbi. Vile vilivyokuwa na maua na majani ya mzabibu upande wa kichwani, vyenye majani mtu anayotaka kuyagusa, vilikuwa vyake. Karakana yao ilikuwa na paa, mlango na mwajiri anayejulikana, jambo ambalo si la kila mahali, na mwajiri mwenyewe alikuwa muungwana. Siku moja ubao wa mninga uliruka kwenye msumeno wa meza ukauvuta mkono wake wa kulia. Mwajiri akamkimbiza hospitali, akaripoti ajali, akajaza kila kilichohitaji kujazwa, akampelekea machungwa wodini. Kesi ambayo haina mtu mbaya ndani yake inachosha, kwa kuwa unakosa hata wa kumnunia.

Madaktari waliunganisha walichoweza kuunganisha. Vidole vyote vilibaki mahali pake, ila viligoma kukunjika. Ukiutazama ule mkono kwa mbali ungedhani hauna tatizo lolote isipokuwa kovu. Alikuja kwetu baada ya tathmini, akiwa na mkewe, Mama Upendo, na barua ya kumwambia kuwa ulemavu wake ni mdogo. Alikuwa amevaa koti, katika joto la Dar es Salaam, na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Wakili wakati huo alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, lakini asubuhi zote alikuwepo. Akatoka mwenyewe kuwapokea.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, Mzee Yohana. Habari?"

"Nzuri. Tunamshukuru Mungu."

"Mkono?"

"Unaendelea vizuri. Unasumbua kidogo tu."

Mama Upendo akaguna. Nikaanza kumimina chai.

Wakili akasoma ile barua na taarifa ya daktari iliyoambatanishwa. Jeraha limepona. Vidole vinakunjika. Mgonjwa mwenyewe anasema anaendelea vizuri na anafanya kazi ndogo ndogo. Akaisoma kwa sauti, pole pole, Mzee Yohana akitikisa kichwa kukubali kila sentensi.

"Daktari alikuuliza nini?" Wakili akasema.

"Alikuwa binti mdogo tu, ana heshima zake. Nimeingia, kasimama, kaniamkia. Shikamoo baba. Nikaitikia. Akaniuliza naendeleaje, nikamwambia vizuri mwanangu, pole na kazi. Sasa wakili, mtoto kakuamkia, uanze kumlilia?"

"Akakuambia ukunje vidole."

"Nikakunja."

"Kwani vinakunjika?"

"Havikunjiki. Ila nilijitahidi. Nilivisukuma na huu mkono mwingine, jasho likanitoka. Akasema vizuri sana baba. Nikashukuru."

Wakili akavua miwani, kitu ambacho hakukifanya kabla ya saa ya kufunga. "Ulitaka kufaulu," akasema.

"Mtu akikupa mtihani utake kufeli?"

Kuna wateja wanaotia chumvi, na hao ni rahisi, unapunguza. Huyu alikuwa ametoa chumvi yote, na sikujua tutairudishaje bila kuonekana kwamba ni sisi tulioiweka. Nilimwangalia yule mzee ameketi wima kwenye benchi letu na koti lake, nikamkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Mchana ukafika. Mnakumbuka desturi ya Wakili, chakula kilitoka kwake kwenye sinia, wali na mchuzi, na yeyote aliyekuwepo ofisini alikula, awe mdai, awe mdaiwa, hata aliyeleta hati ya kumshtaki Wakili mwenyewe. Nikatandika mkeka, nikazungusha maji ya kunawa.

"Karibu, Mzee Yohana."

"Asanteni sana. Nimeshiba."

"Kashiba nini?" akasema Mama Upendo. Alisema bila kupandisha sauti, akitazama maji ya kunawa. "Toka asubuhi hajatia kitu mdomoni. Wakili, huyu hali na watu. Toka aumie hajala na watu. Tulikuwa na msiba kwa mdogo wangu, Mabibo, kashinda pale mchana kutwa. Sinia likija anatoka nje, anasema anapokea simu. Simu yenyewe kaiacha nyumbani."

"Mama Upendo. Hayo mambo ya ndani."

"Ya ndani ndo tunayodai. Mie ndo namfinyangia tonge, wakili. Nafunga mlango, namlisha kama nilivyokuwa namlisha Upendo. Mtu akibisha hodi anameza haraka haraka, siku nyingine chakula kinampalia. Mkono wa kushoto hataki, anasema atakuwa kama mtu asiye na kwao. Kijiko hataki, anasema watu watauliza. Halafu nyie mkimuuliza, mzima. Daktari akimuuliza, mzima. Mie peke yangu ndo namjua mgonjwa."

Mzee Yohana alikuwa ameinama. Mkono ulikuwa bado mfukoni. Nilishika birika la maji nisijue niliweke wapi, na roho iliniuma kuliko ilivyowahi kuniuma pale ofisini, na mle tulikuwa tumewaona watu wasio na miguu. Hakuna aliyegusa wali. Mzee Yohana mwenyewe ndiye aliyetuomba tusiache chakula kipoe kwa ajili yake.

Hali ya kwao ilikuwa hivi. Mwajiri alikuwa amemweka apige msasa kwa mkono wa kushoto na awaangalie mafundi vijana, lakini alikwisha kumwambia, kwa upole, kwamba karakana haiwezi kumbeba hivyo siku zote. Mama Upendo alikaanga mihogo nje ya shule. Upendo mwenyewe alikuwa sekondari. Kama barua ile ingebaki vile ilivyo, wangefungasha warudi Njombe, na kule watu wanaishi kwa jembe, na jembe linashikwa kwa mikono miwili. Mzee Yohana alikuwa amelijua hilo kabla ya sisi kuligundua. Alikuwa ameshaanza kuuza patasi zake.

Tukaandika pingamizi na kuomba tathmini ya pili, mbele ya jopo. Muda wa kupinga haukuwa mrefu na nililala na kesi ile kichwani. Ila nataka kuwaeleza kuhusu maandalizi, kwa sababu hapo wengi wenu mnaharibu. Mimi nilitaka tumkalishe mzee chini, tumpe maneno. Wakili akakataa.

"Ukimfundisha mtu maumivu yake ataigiza," akasema. "Na hawa madaktari wanaona waigizaji kutwa. Mwachie aseme yake."

"Yake ndiyo haya ya nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Basi tumwombe aende mbele kidogo."

Akamwita, akamweleza habari ya salamu mbili, kama alivyonieleza mimi siku ya mlinzi wa Kawe. Mzee Yohana akasikiliza kama mtu anayefundishwa dini ngeni.

"Sasa yule binti akiniamkia tena?"

"Mwitikie. Nani kakukataza? Mwitikie, muulize na kwao. Halafu mwambie salamu imekwisha."

"Mbele za watu, wakili? Niseme nalishwa? Si nitakuwa nimejiaibisha?"

"Utakuwa umejibu swali," Wakili akasema.

Mzee akaondoka bila kuahidi chochote. Siku ya jopo Wakili hakwenda. Alisema akienda yeye wataanza kuzungumza naye, na mkono wake yeye ni mzima. Nikaenda mimi. Kwenye korido nilimwambia Mzee Yohana jambo moja tu, kwamba huu si mtihani, humu anayefaulu ndiye anayerudi Njombe. Akanijibu, "Nimekusikia, dada Anna," kwa sauti ya mtu ambaye ameamua kukusikia na kuishia hapo. Koti lilikuwa limepigwa pasi. Mama Upendo alibaki kwenye benchi la nje, maana aliambiwa si mgonjwa wala si mwakilishi. Alilipokea hilo kwa uso ambao nisingependa kukutana nao tena.

Ndani walikuwepo madaktari wawili wa makamo, na mwisho wa meza yule binti. Alipomwona akasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nyumbani wazima, tunashukuru."

"Na mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri."

Mwenyekiti wa jopo akainamisha kichwa, akaandika. Niliisikia kalamu. Nilikuwa nimeambiwa mlangoni kwamba nakaa pale kama msikilizaji, nisiseme kitu, na mguu wa Mzee Yohana ulikuwa mbali na wangu, vinginevyo ningemkanyaga. Nikaanza kufikiri jinsi ya kumweleza Wakili. Nikamfikiria Mama Upendo pale nje, na hilo likawa gumu zaidi.

Kisha Mzee Yohana akautoa mkono mfukoni. Akauweka juu ya meza, kiganja juu, kovu likionekana lote. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona lote.

"Samahani mwanangu," akasema. "Hiyo ilikuwa salamu. Imekwisha. Naomba uniulize tena."

Yule binti akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaacha kuandika. Binti akauliza, taratibu, "Baba, mkono unaendeleaje?"

"Sijala na watu tangu niumie."

Alisema hivyo akitazama meza. Nikafikiri ameishia hapo, lakini akaendelea, kwa sauti ile ile ambayo fundi humtajia mteja vipimo vya kabati. "Vifungo vya shati ananifunga mke wangu. Tonge ananifinyangia mke wangu, mlango ukiwa umefungwa. Patasi siwezi kuishika, ikishikika ni kwa bahati, na bahati haichongi. Kanisani natoa sadaka kwa mkono wa kushoto na nafumba macho. Siku ile ulipoona vidole vinakunjika, ni mkono huu mwingine ulikuwa unavikunja. Sikukusudia kukudanganya. Niliona umechoka, nikataka upate jibu zuri."

Binti akazunguka meza, akaketi upande wetu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili na kukijaribu kidole kimoja kimoja. Mkono wa kushoto wa mzee ulinyanyuka kwenda kusaidia, kwa mazoea, naye akaurudisha gotini mwenyewe. Vidole havikwenda popote. Mwenyekiti akamwomba afunge vifungo vya koti. Mzee Yohana akaanza. Chumba kizima kikamngoja, kifungo kikiteleza, kikigota, kikiteleza, mpaka mwenyekiti akasema inatosha, mzee wangu.

"Poleni kwa kuwachelewesha," akasema Mzee Yohana.

Nje Mama Upendo alikuwa amesimama tayari. "Umesema?"

"Nimesema."

"Na la mlango?"

"Hata la mlango."

"Haya," akasema, akaanza kumfunga koti lile.

Mzee Yohana akamwacha amfunge, palepale kwenye korido, watu wakipita. Kisha akasema ana njaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia yule mtu akisema hajashiba.

Majibu yalichukua muda wake, kama yalivyo majibu. Tathmini ilibadilishwa na malipo yakawa ya kila mwezi. Niliposoma barua nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia, ndiyo, mnaweza kucheka. Wakili aliisoma, akasema "vizuri," akaniambia niibanie vizuri na nyingine, mashine ikagoma. Patasi zilizokwisha kuuzwa hazikurudi. Mwajiri alimbakiza Mzee Yohana kuwafundisha vijana kuchonga, kazi anayoifanya kwa mdomo, na nasikia mdomo wake karakanani hauna salamu nyingi.

Wakili Shabbir alipumzika kabla yangu. Nikimpigia kumwuliza habari anasema nzuri, namwambia hiyo ni ya kwanza, anakata simu. Nami zamu yangu ikafika. Mlinifanyia sherehe, mkanipa saa ya ukutani, mtu mmoja akasoma hotuba iliyosema nitakumbukwa. Nikaenda nyumbani, Mtoni Kijichi, nikaitundika saa.

Majuma machache baadaye hodi ikabishwa. Mzee Yohana na Mama Upendo, na hotpoti ya pilau, wamekuja kumwona mstaafu. Nikatandika mkeka, nikaleta maji. Niliweka sahani kwa kila mtu, nikidhani nafanya jambo la maana, lakini Mama Upendo akazirudisha jikoni akatoka na sinia. Mzee Yohana akakaa mkekani, akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti, akatoa kijiko cha mbao. Alikuwa amekichonga mwenyewe kwa mkono huo. Kilikuwa kibaya, mpini umepinda, sehemu ya kuchotea imechimbwa upande mmoja, na mtu aliyewahi kuona majani yake ya mzabibu angeweza kulia akikiona. Akakichovya kwenye sinia letu, akala nasi, mlango ukiwa wazi na watoto wa jirani wakipita.

Tulipomaliza akapangusa kijiko na leso, akakirudisha mfukoni.

"Habari za kustaafu, dada Anna?"

"Nzuri. Namshukuru Mungu."

Akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza kuhusu saa ya ukutani, tukaisifu. Akaniuliza kuhusu mvua. Mama Upendo akanimiminia chai ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mzee Yohana alingoja mpaka chai ikaisha.

"Haya," akasema. "Salamu imekwisha. Habari?"

Nikatazama mlango, kama mlinzi wa Kawe. Kisha nikamwambia kwamba kila siku naamka alfajiri, naoga, navaa nguo za kazini, nachukua mkoba, na nakaa kwenye kile kiti pale hadi jua linapofika dirishani, kwa sababu sijui pa kwenda, na kwamba simu za vijana kuhusu mafaili nazingoja tangu asubuhi.

Hakuniambia pole. Akausogeza mto, akauegemea, na ule mkono wake wa kulia akauweka magotini, kiganja juu.

"Endelea," akasema.